Niliweka Geji Tatu Kwenye Vitz ya Mama, Moja Ikanidanganya Njia ya Jozani

Najua wengi mnanisoma kwa stori za mastaa: nani kamuacha nani, nani alivaa nini Forodhani Iddi pili. Leo stori ni ya kwangu mwenyewe, na wa kuchekwa ndani yake ni mimi. Staa yumo, ila jina lake silitaji. Bado tunasalimiana na sitaki kesi.

Mambo yalianzia kwenye Altezza yake. Usiku mmoja alinipa lifti kutoka Michenzani kwenda Kiembesamaki. Wanaojua magari wanajua, Toyota walipoitoa Altezza mwaka 1998 waliichora dashibodi yake kama saa ya mkono ya kiume, visaa vidogo ndani ya saa kubwa. Yeye hakutosheka na hivyo. Alikuwa ameongeza geji nne kwenye ile nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva, zimepangwa moja juu ya nyingine kama sahani kabatini, taa ya buluu. Alipozungusha funguo mishale yote minne ikapanda mpaka mwisho, kisha ikashuka pamoja. Yaani kama askari wa gwaride wanapiga saluti. Nikasahau hata nilikokuwa nakwenda.

Ila mie nina jicho la kuchunguza, ndiyo kazi yangu. Tukapita Kilimani, tukapita Mazizini, mshale wa presha ya oili uko sifuri. Wa joto nao umelala. Gari inakwenda themanini. Nikamuuliza, "Kaka, hii injini haina oili?"

Akacheka mpaka akapunguza mwendo. "Za picha hizo. Zimeungwa umeme tu. Sensa hata moja hamna."

Siri hiyo nimekaa nayo muda mrefu sana, leo nimeshindwa. Nisameheni.

Kabla sijashuka akaniambia baada ya wiki tatu wanashuti video, wanataka magari matano yapite usiku barabara ya Mizingani, bahari upande mmoja, majumba ya kale upande mwingine. "Ya kwako ukiitia mwanga ndani, naiingiza." Ya kwangu! Uongo ulianzia hapo, maana gari ile haikuwa yangu.

Ilikuwa ya mama. Vitz nyu modo, ile ambayo saa ya spidi imewekwa katikati ya dashibodi, si mbele ya dereva. Kama hujawahi kumpakia mama yako kwenye gari ya namna ile, hujui adhabu. Anakaa kiti cha abiria na spidi anaisoma kama wewe. "Sabini hiyo. Unakimbilia wapi?" Mama aliipata kwa michezo ya upatu aliyocheza miaka na miaka, na kwa vitumbua. Asubuhi nilikuwa naegesha Darajani, natia trei kichwani na kuingia kwa miguu vichochoroni Mji Mkongwe, maana mule ndani inapita vespa na baiskeli, gari haina njia. Nagawa vitumbua na sambusa kwenye vihoteli, narudi. Mchana napeleka wageni uwanja wa ndege. Gari ile ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilimaliza Form Four, matokeo yangu ya fizikia sitaki kuyakumbuka, na hakuna ofisi iliyonipigia simu.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mwezi ule ule fundi wetu wa siku zote, mzee mmoja mwenye gereji nyuma ya Mwanakwerekwe, alikuwa ameifungua boneti akanionesha kitu. Rejeta za magari haya katikati ni bati, juu na chini ni plastiki. Plastiki ya juu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na pembeni yake doa la kijani la kulanti iliyokauka. "Mwanangu, hii haijamwaga bado, lakini inaomba ruhusa. Mwezi usiishe hujabadilisha." Nikamwambia mama. Mama hakuuliza mara mbili, alinihesabia laki mbili na thelathini, noti nyingine zina unga.

Na mie nikazipeleka Dar. Geji tatu laki na nusu, zikaja na boti zimefungwa kwenye boksi la viatu. Kile kibebeo cha plastiki cha kuzishika kwenye nguzo, pamoja na waya na vikorokoro vingine, elfu thelathini na tano. Kijana wa wiringi akachukua arubaini. Ilibaki elfu tano, nikaila urojo. Nilijiambia rejeta nitainunua kwa hela ya wageni, mwezi bado mbichi.

Geji zenyewe zilikuwa za maji, za volti na za turbo. Ndiyo, turbo. Kwenye Vitz ya silinda tatu ambayo turbo haijawahi kuiona. Kijana wa wiringi alinitazama kwa huruma. Geji ile kwenye injini isiyo na turbo inaonesha mvuto wa hewa tu: ukiwa umesimama mshale uko chini ya sifuri, ukikanyaga mafuta mpaka mwisho unapanda na kugota sifuri, basi, hauvuki. Ni kama kununua mizani ya dhahabu ukapimia ukwaju. Lakini kwenye picha ndiyo nzuri kuliko zote. Kwenye uso wake imeandikwa jina la kampuni ya Japani yenye heshima, Defi, ambayo ni ya Nippon Seiki, watengenezaji wa dashibodi za magari na pikipiki. Kwa bei niliyonunua mie, Japani kwenyewe hazikuwahi kufika.

Nilitaka na ya oili, yule kijana akanikatalia. Nilimuona mvivu, baadaye nikajua alikuwa sahihi. Tundu la swichi ya oili kwenye injini za Toyota lina uzi wa meno 28 kwa inchi moja, na sensa nyingi za geji za bei rahisi zimechongwa uzi wa Kimarekani, meno 27. Upana unalingana, kwa hiyo mzunguko wa kwanza na wa pili unaingia vizuri kabisa, unajiona fundi. Ukiendelea kukaza, ama oili inavuja ama unaharibu tundu la injini yenyewe. Kuna kiungio cha kubadilisha uzi, hakikuwemo kwenye boksi langu la viatu. Jamaa akaniambia kwa heshima, "Bro, ya oili acha mpaka uwe na hela."

Kabla sijampelekea nilikuwa nimejaribu mwenyewe nyumbani, na video za mtandaoni. Umeme nikauchukua kwenye waya ya redio. Sikujua redio ina waya mbili za umeme, moja inakufa ukizima gari, nyingine haifi kamwe kwa sababu inatunza saa na stesheni. Nikashika isiyokufa. Usiku kucha geji ziliwaka pale uani kama harusi, alfajiri betri imekufa na vitumbua vimepoa. Mama alidhani betri imezeeka. Sikumsahihisha.

Yule kijana aliifanya kazi kwa adabu. Umeme kutoka kwenye fyuzi inayoamka na swichi, waya ya mwanga kwenye taa za kuegesha ili geji zififie usiku zisinichome macho, ethi kwenye bolti aliyoikwangua mpaka bati ling'ae, kwa sababu kisiwani chumvi inakula kila kitu na ethi mbovu hufanya mishale icheze msondo. Akanionesha waya na soketi za rangi ya njano chini ya dashibodi. "Hizi za eabegi. Hata usizisalimie."

Sensa ya maji ndiyo muhimu kwenye stori hii, nivumilieni. Aliikata paipu ya juu ya rejeta, ule mpira mnene, akachomeka katikati kipande cha alumini chenye tundu, akabana na klipu kila upande. Sensa inaingia kwenye lile tundu, ncha yake inazama ndani ya maji yanayopita. Mshale wa kwanza haukusogea kabisa, akacheka: alumini imezungukwa na mpira pande zote, haigusi bodi ya gari, kwa hiyo haina ethi. Akaiwekea waya yake. Mshale ukaamka, 60, 75, 88, ukatulia. Halafu akainama kwenye rejeta. "Kaka, hii inalia chozi."

"Najua," nikamwambia. "Naibadilisha."

Mama alipoziona mara ya kwanza aliuliza ni kitu gani. Nilikuwa na jibu tayari, na nina aibu kuliandika. Nikasema za usalama, mama. Nikamueleza kwamba gari yetu haina mshale wa joto kabisa, ina taa ya buluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu ikishachemka, na hapo katikati dereva anabaki gizani. Yote ni kweli! Ndiyo maana uongo wangu ulikuwa mtamu. Nikaongeza kwamba hata magari yenye mshale wa kiwandani, mengi yametengenezwa hivyo makusudi, mshale unakaa katikati joto likiwa themanini na unakaa katikati joto likiwa mia, ili dereva asihangaike. Geji yangu inasema namba. Mama akanyanyua mikono. "Alhamdulillahi. Basi mie sina wasiwasi tena." Bangili zake mbili za dhahabu zikagongana.

Zile bangili nizisemee. Alivalishwa na bibi siku ya ndoa yake. Alfajiri nikiwa bado nimelala nilikuwa nazisikia jikoni, ting, ting, anapokoroga unga. Mie saa ya simu siitumii kuamka.

Video ilishutiwa. Staa alikuja na watu wake, mtu wa kamera akakaa kiti cha mama, akaniambia zima, washa, zima, washa, mara kumi na moja, mishale ipige saluti. Kwenye video yenyewe Vitz yetu inaonekana sekunde mbili, kwenye kiitikio cha pili. Dashibodi imekatwa, usukani umekatwa, mkono wangu umekatwa. Kilichobaki ni geji ya turbo.

Wiki moja baadaye kulikuwa na harusi ya jamaa zetu Jambiani. Nilimpakia mama mbele, shangazi nyuma na watoto wawili, na kwenye buti masufuria mawili makubwa ya watu. Harusi ilikuwa nzuri. Jioni shangazi alikuwa anazungusha video kwenye simu yake, "Hii si Vitz yenu?", na mama aliitazama zile sekunde mbili mara nne. Alicheka. Alimuonesha bi harusi mwenyewe. Nilijiona mtu.

Tukaondoka baada ya Isha. Gari nzito, kiyoyozi kinapuliza maana shangazi anasikia joto. Paje tukaipita, mshale 91. Tulipokata kona ya kuelekea Kitogani ukawa 96. Nikajisemea mzigo huo. Kitogani 101. Sasa hapo mtu mwenye akili anasimama. Mie nilikumbuka nilichosoma, kwamba mfuniko wa rejeta ukiwa mzima unayabana maji, hayachemki kwenye 100 kama ya jikoni, yanavumilia mpaka karibu na 120. Nikazima kiyoyozi kimya kimya. Shangazi akalalamika. 105. 108. Nilikuwa nashika usukani kwa mikono miwili na nasoma kila nilichokihifadhi chuoni.

Kuingia Jozani pana matuta, yaliwekwa ili magari yasiue kima punju wanaovuka barabara. Nikapanda la kwanza taratibu, nikapanda la pili. Na baada ya la pili mshale ukaanza kushuka.

95. 82. 70.

Wadau, siwezi kuwaeleza furaha ile. Nilishusha pumzi kwa sauti mpaka mama akanigeukia. "Imepoa," nikasema, kama vile yeye alikuwa anajua imepanda. Nikaongeza mwendo. Msitu mweusi pande zote, taa ya gari nyingine hamna, mshale unasoma 60 na mie najiona dereva bora Unguja nzima.

Mama akasema, "Mbona nasikia harufu kama halua iko jikoni?"

Ilikuwa kweli, harufu tamu, nzito, kama sukari imeanza kushika chini ya sufuria. Nikamwambia labda ni masufuria ya nyuma. Akasema masufuria yale yalipikiwa pilau. Sikupata jibu. Injini ikaanza kusema taktaktak, nikikanyaga mafuta haiitiki, na kabla hatujatoka msituni ikajizima yenyewe. Taa nyekundu ya kiwandani haikuwaka hata kidogo. Geji yangu ilikuwa inasema 55, mwanga wa buluu, nzuri kabisa.

Nilipofungua boneti mvuke ulinipiga usoni. Ule ufa wa unywele ulikuwa umefunguka urefu wa kidole. Kulanti yote ilikuwa nyuma yetu, kuanzia tuta la pili.

Jamaa mmoja aliyekuwa anarudi mjini na Suzuki Carry ya samaki alituvuta kwa kamba. Shangazi na watoto walikaa kwa samaki. Mama alikataa kuhama, alikaa na mimi kwenye Vitz iliyokufa, akasoma spidi: "Thelathini." Hakusema kitu kingine mpaka nyumbani.

Asubuhi mzee wa Mwanakwerekwe aliishika geji, akaishika sensa, akaniuliza, "Hii ulidhani inapima nini?"

"Joto la injini, ami."

"Inapima kinachoigusa." Akaichomoa sensa akaiinua juu ya kichwa chake. "Hapa inapima upepo wa Mwanakwerekwe. Kwenye paipu maji yakiwepo inapima maji. Maji yakiondoka ile paipu ni tupu, chuma kinaungua huko ndani, yenyewe inaning'inia kwenye hewa inapoa. Mshale ukianguka ghafla usishukuru, simama. Injini ya moto haipoi kwa dakika moja. Na hiyo taa yako nyekundu nayo sensa yake inataka maji, ndiyo maana ilinyamaza."

Nimesimama pale nimeshika kitambaa. Kwenye video zote nilizotazama, hakuna aliyeisema hiyo. Wote wanaonesha mishale inavyopanda.

Baadaye nilisaka sana mtandaoni nikakuta kitu cha kuniumiza zaidi. Magari ya zamani, zaidi ya miaka mia nyuma, yalikuwa na kipimajoto kwenye mfuniko wa rejeta, nje kabisa, mbele ya boneti, dereva anakisoma kupitia kioo. Kiliitwa Boyce MotoMeter, alikiandikisha Mmarekani Harrison Boyce mwaka 1912. Ncha yake haikuzamishwa ndani ya maji. Ilikaa juu ya maji, kwenye mvuke, kwa hiyo hata maji yakipungua yenyewe inaendelea kusoma. Watu wa 1912 walikuwa wameshaliwaza swali langu, gari zenyewe bado zinafanana na mikokoteni.

Turudi gereji. Mama alikuja mwenyewe na daladala, na chakula cha fundi kwenye hotipoti. Nilitamani nijifiche chini ya gari. Mzee alimpokea, akamuitikia shikamoo yake, akamueleza kwa upole: gasketi ya hedi imeungua, hedi yenyewe imepinda, itapelekwa kwa mtu wa mashine kupigwa fesi, pete za pistoni za kuangalia. Halafu, bila kujua anachokifanya, akasema, "Kisa chote ni rejeta hii. Nilimwambia huyu bwana mdogo aibadilishe, labda hali haikuwa nzuri."

Mama aliitazama rejeta. Akazunguka mpaka mlango wa dereva, akachungulia ndani, akazitazama zile geji tatu moja moja. Nilisubiri anipige. Wallahi ningeshukuru.

"Na hizi," akauliza, "bei gani?"

Nikamwambia. Nikamwambia na ya kibebeo, na ya kijana wa wiringi, na elfu tano ya urojo. Sijui kwa nini nilitaja urojo. Akahesabu kwa midomo, akafika pale pale, laki mbili na thelathini. Akamshukuru fundi, akachukua hotipoti yake tupu, akatoka nje kutafuta daladala.

Matengenezo yalikuwa laki sita na arubaini pamoja na rejeta mpya. Mie nilikuwa na elfu tisini. Siku ya tatu mama alivaa baibui akaenda Mji Mkongwe kwa sonara, peke yake. Aliporudi alinipa pesa kwenye bahasha, akaingia jikoni. Kesho yake nilichelewa kuamka. Nililala mpaka jua liko dirishani na sikujua kwa nini, mpaka nilipomuona anapita na bakuli. Bangili moja haina cha kugongana nacho.

Sitaki mnionee huruma, na msimtukane staa kwenye hili. Yeye geji zake alijua hazisemi kitu na alinambia kwa mdomo wake. Nilimpigia kumueleza yaliyonikuta akanyamaza, halafu akanitumia elfu hamsini, akaniomba nisimtaje. Ndiyo hivyo sijamtaja.

Kwa wale ambao mtaniuliza kama nimezing'oa: hapana, mzee alikataa. Alisema kosa la kifaa ni moja, mengine yote ni ya mtu. Ya maji ameiacha, ila sensa ya kwenye paipu ameiongezea mwenzake, sensa ya pete, ile inayobanwa na bolti kwenye chuma cha hedi chenyewe. Maji yawepo yasiwepo, chuma kikipata moto inasema, na imeungwa king'ora kidogo kinacholia kwenye 110. Ilinigharimu elfu thelathini na nane, nililipa mwenyewe kwa kuosha magari ya watu pale pale gereji. Ya volti nimeiacha pia, imeshanisaidia mara moja: gari ikizima inasoma 12 na kitu, ikiwaka inatakiwa 14 hivi, siku moja ikabaki 12 njiani Bububu nikajua alternata haichaji kabla sijakwama. Zote mbili nimezihamisha kutoka kwenye nguzo, zimekaa chini ya redio, katikati.

Katikati maana yake mama anaziona. Sasa hivi namrejeshea bangili yake kwa mafungu, elfu ishirini kila Ijumaa, na sonara amesema ile yenyewe ameshaiuza, nitafute inayofanana. Mama hajanisema mpaka leo. Anakaa kiti chake na anasoma. "Hamsini na tano. Tisini na moja. Kumi na nne." Akimaliza anaanza upya. Juzi tulipofika matuta ya Jozani aliinamia mbele kabisa, akashika dashibodi, na hakuegemea tena mpaka tulipolivuka la mwisho.

Ile ya turbo niliiuza. Kibebeo kimebaki kwenye nguzo kwa sababu gundi yake haitoki, kina matundu matatu matupu. Kwenye la juu mama ametia kikuba cha asmini na rehani, anakibadilisha kila akienda harusini.